Mkwe na Bolti Iliyokatika

Ngurumo ilitangulia. Mimi na mama tulikuwa jikoni tukichambua mchele wa harusi, na sauti ikapanda kutoka barabara ya mjini kama mbwa mkubwa anayebweka bila kuvuta pumzi. Kuku walikimbilia chini ya ghala. Mama akaweka ungo chini.

"Huyo ni baba yako," alisema, "na ameharibu kitu."

Gari liliingia uani kwetu Yamumbi likitetemeka. Lilikuwa gari kuukuu, baba alilinunua kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akiuza shamba ili arudi kwao. Bolti moja kati ya zile zinazoshika bomba la moshi kwenye injini ilikuwa imelegea. Baba alikuwa mfanyabiashara wa mahindi. Alifunga magunia maisha yake yote, na kwa imani yake kila kilicholegea hukazwa. Akachukua spana, akairefusha kwa kipande cha bomba la maji, akakaza kwa uzito wake wote. Tak! Bolti ikakatika, baba akaanguka, kifundo cha mkono kikateguka. Nusu ya bolti ilidondoka chini ya gurudumu, nusu ndani ya injini.

Dada yangu, bibi harusi mwenyewe, ndiye aliyecheka kwanza, akiwa dirishani. Kisha akanyamaza, kwa sababu harusi ilikuwa Jumamosi. Baba alikuwa ametangaza sokoni na kanisani kwamba binti yake atapelekwa mjini na gari la baba yake. Gari lisipopona, upande wa bwana harusi ungeleta gari lao la ng'ombe.

"Binti yangu apandishwe kama gunia?" baba alisema, akiushika mkono wake. "Heri nimbebe mgongoni."

Aliyekuwa na vifaa vya kutoa bolti kama hiyo tulimjua sote: bwana harusi, fundi wa karakana ya reli. Lakini kwetu, sisi tuliohamia huku kutoka magharibi, mwanamume na mama wa mke wake hawaonani uso kwa uso. Wakikutana njiani, mmoja huingia vichakani. Kanisa lilituachisha mengi, hilo halikuliweza.

"Aje mama akiwa sokoni," dada alishauri.

"Mimi niende sokoni, na nyama ikaushwe na nani?" mama alijibu. "Aje. Nitashusha pazia la jikoni."

Bwana harusi alikuja Ijumaa asubuhi kwa baiskeli, akasimama langoni na kukohoa kama mgonjwa wa kifua. Pazia la gunia likashuka. Akafungua boneti, akaitia bolti mafuta ya taa, akangoja, kisha akachonga kile kibutu kilichochomoza kwa tupa ili spana ipate pa kushika. Akazungusha. Kibutu nacho kikakatika, sawasawa na uso wa chuma.

"Kumbe hata fundi wa reli huvunja!" baba alisema kwa furaha isiyofichika.

"Samahani, Mzee. Hii uliikaza au uliilaani?"

Baba alicheka hadi akaumia mkono.

Fundi akatoboa tundu dogo katikati ya bolti kwa drili ya mkono, polepole, jasho likimdondoka puani. Akachukua tupa ya zamani, akagongomea mkia wake wenye pembe nne ndani ya tundu. Sasa mkia ungeuma, na bolti ingezunguka nao. Haikuzunguka.

"Inataka joto na nta," alisema. "Shemeji, kuna mshumaa?"

Pazia lilijibu kabla yangu. "Mwambie huyo mtu mshumaa hakuna. Nta iko."

Ilikuwa nta ya nyuki, bonge alilozibia nyufa za vibuyu vya maziwa. Niliipokea chini ya pazia.

"Mwambie Mama nashukuru," fundi alisema, akiitazama mikaratusi ya langoni ili asilione pazia.

"Mwambie asishukuru. Atoe bolti."

Tuliwasha injini hadi chuma kikawa cha moto, kisha tukaizima. Niligusisha nta kwenye bolti. Ikayeyuka, ikanyonywa ndani, na ua wote ukanukia asali na moshi. Fundi akazungusha. Mkia wa tupa ukachomoka.

"Lazima mtu aisukume tupa ndani nikiwa nazungusha. Mtu mzito."

Akautazama mkono wa baba. Akanitazama mimi, mwembamba kama mwanzi.

"Nakuja!" dada aliita.

"Kaa hapo!" tulijibu wote. Alikuwa amekwisha kupakwa mafuta; bibi harusi hagusi kazi.

Ndipo pazia likainuka. Mama alitoka kinyumenyume, leso imemfunika kichwa hadi kiunoni, kama mtu anayemvuta ndama mkaidi. Fundi alifumba macho haraka na kugeukia ukuta wa nyumba.

"Niongoze," mama aliniambia. Nikachukua mchi wa kinu, ncha moja nikaiweka kwenye tupa, nyingine mgongoni kwake. Akauegemea. Fundi akaipapasa spana, macho bado amefumba.

"Mwambie Mama asukume polepole."

"Mwambie mimi sijui polepole."

Kushoto kidogo, kulia kidogo, kushoto tena. Kitu kikalia kama panya. Mchi ukateleza mgongoni mwa mama.

"Imekuja?" aliuliza.

"Imekuja, Mama!" fundi akajibu.

Mama na mkwe walikuwa wamesemeshana bila kupitia kwangu. Hata baba alisahau mkono wake.

"Mwambie," mama alisema hatimaye, "amenijibu vizuri." Akaenda zake jikoni, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Bolti mpya ilipoingia, baba aliifuata spana. Fundi akaniwekea mimi mkononi. "Kaza hadi ikatae, shemeji, halafu iache."

Jumamosi baba alishika usukani, kifundo kimefungwa kitambaa, na injini ikanong'ona tu. Mimi nilikuwa nimeketi nyuma. Mama hakuja, kwa kuwa mkwe alikuwa kanisani. Dada alisimama kizingitini na gauni lake jeupe, akataka kugeuka amtazame mama.

"Nenda," mama alisema. "Baba yako anangoja."

Dada akavuka. Mama akafunga mlango nyuma yake, taratibu, hadi komeo likaingia.