Mama Mahfudh na Barua ya Serikali

Saadia ni fundi wa nguo mjini Richfield, kando ya Minneapolis. Cherehani yake iko dirishani, na kwa miaka ishirini na miwili wateja wamemwita Mama Mahfudh.

Mahfudh alizaliwa na dada wa Saadia katika hospitali moja ya Minneapolis, na dada huyo hakutoka hospitalini akiwa hai. Baba mtoto alikuwa anarudi Mombasa. Wazee wa msikiti wakakaa, wakashikana mikono, mtoto akawa wa Saadia. Hakuna aliyefikiria mahakama. Nani huomba ruhusa ya hakimu kumlea mtoto wa dada yake?

Februari iliyopita mwizi wa gari alimuua Mahfudh kwenye kituo cha mafuta. Baada ya maziko, kila gari lililofunga breki barabarani lilimshtua Saadia hadi sindano ikamchoma. Akaacha kushona. Jirani akampeleka kwenye ofisi ya msaada wa sheria inayowasaidia waathiriwa wa uhalifu kuomba fidia ya serikali, ili alipiwe gharama za maziko na za mshauri nasaha. Msaidizi wa ofisi hiyo, msichana wa Bomet aitwaye Chepkemoi, alimjazia fomu. Alipoulizwa uhusiano wake na marehemu, Saadia alijibu bila kusita: mama.

Wiki sita baadaye barua ya serikali ikaja. Cheti cha kuzaliwa cha Mahfudh kilikuwa na jina la mwanamke mwingine. Saadia asiporekebisha jibu lake ndani ya siku thelathini, ombi lingefungwa.

Chepkemoi alimweleza mara mbili. Dada wa mama naye ni jamaa, anaweza kusaidiwa, lakini lazima atie sahihi kwamba yeye si mama. Saadia akauliza kama haiwezekani kuandika yote mawili. Wakili wa ofisi alikuwa amekubali kuambatisha maelezo kwamba Saadia alimlea mtoto tangu siku ya kwanza. Ila fomu yenyewe ingebaki na jibu moja.



"Mahfudh alipotaka leseni ya gari alihitaji kile cheti," Saadia alisema. "Alikwenda kukichukua mwenyewe. Nilijua atakisoma njia nzima ndani ya basi. Akaingia, akakiweka juu ya cherehani, akaniuliza, 'Mama, leo umepika nini?' Hakukitaja kamwe mpaka akafa. Sasa mimi ndiye wa kukitaja?"

"Mama, nisipoipeleka fomu hii watafunga faili," Chepkemoi alisema.

"Watasoma wangapi?"

"Wawili, watatu."

"Basi waisome huko huko. Msikitini isifike."

Akatia sahihi polepole, kwa mkono wa mtu anayepinda upindo.

Alipokuwa kituoni akisubiri basi, simu ililia. Mteja alitaka kujua habari za gauni lake la harusi. "Mama Mahfudh?" akaita. Mteja akadhani simu imekatika, akaita tena.

"Naam," Saadia akasema. "Ni mimi."