Mikdad Yupo Dukani

Sabiha wa Zinga alijulikana kwa udi. Udi wake wa kupika ulifukizwa kwenye harusi tangu Bagamoyo mpaka Dar es Salaam, na aliyeupeleka mtandaoni ni mumewe, Mikdad. Mke alipika, mume alizungumza. Na bwana huyo alijua kuzungumza! Mteja aliyeingia kwenye tovuti yao kuuliza bei tu alitoka na udi, chetezo na dua ya kupata mchumba. Kila ujumbe Mikdad aliumaliza kwa maneno yaleyale: "Ukifukiza, unikumbuke."

Tovuti hiyo waliundiwa na Rozmin, binti wa wenye duka la vitambaa mjini. Rozmin alimsihi sana Mikdad aifunge simu yake kwa neno la siri, kwa kuwa ndani yake mlikuwa na majina na namba za wateja wote. Mikdad akacheka. "Mdogo wangu, simu yenye kufuli ina mchepuko ndani. Mimi sina." Sabiha alilipenda jibu hilo. Mke gani asingelipenda?

Ijumaa moja Mikdad alirudi kutoka msikitini, akatundika kanzu msumarini, akajilaza akingojea chakula. Chakula kikapoa.

Sabiha akaingia eda. Manukato yakawa haramu kwake, udi akawa anaupika wifi yake, Mwanajuma, huko uani, na yeye akabaki chumbani akipokea maombi ya wateja kwa simu yake. Simu ya marehemu haikuonekana. Watu wakasema imeibwa msibani, maana wezi nao huja kuzika. Laini ikafungwa, basi. Rozmin alipokuja kutoa mkono wa pole alinong'ona, "Dada Sabiha, niifunge na akaunti yake ya dukani?" Sabiha akakataa katakata. Mtu hafutwi jina mkewe bado yumo edani! Wateja nao hakuwaambia lolote. Aliona akilitamka, ndipo litakapokuwa kweli.

Adhuhuri moja, nyumba kimya, jua likichoma bati, alifungua tovuti kutazama maombi. Kando ya jina la Mikdad palikuwa na taa ya kijani. Na neno: "Yupo."

Nywele zilimsimama. Akasoma Ayatul Kursiyu mpaka mwisho, akatazama tena. Taa ilikuwa palepale. Mikdad alikuwa akimjibu mteja, kwa upole wake uleule, akimshauri udi wa bibi harusi. "Ukifukiza, unikumbuke."

Mtu mwenye akili zake angempigia Rozmin papo hapo. Lakini msiba hauna akili. Sabiha aliisogeza simu karibu na kifua, akakaa nayo. Tangu hapo, kila baada ya swala ya adhuhuri, taa iliwaka naye akaiangalia, hana la kufanya, hana mtu wa kumwambia. Siku moja akashindwa kujizuia, akaandika: "Nimechoka, Mikdad."

Jibu likaja: "Pumzika, bibie."

Bibie! Ndivyo Mikdad alivyozoea kumwita. Sabiha alilia kwa furaha na hofu, asijue lipi limezidi.

Kisha Bi Ashatu wa Vigwaza, mteja wao wa zamani, akampigia simu. "Mwanangu, huyo bwana wako kaniuliza namba ya siri ya pesa zangu za kwenye simu. Ati ndiyo utaratibu mpya wa duka. Utaratibu gani huo?"

"Usimpe, mama. Usimpe kabisa."

Alijua lililompasa, akaitazama ile taa, akasema kesho. Kesho yake mwanamke wa Ubena akampigia akilia. Yeye alikuwa ameshampa, na akiba yake yote imekombwa.

Ndipo alipomwita Rozmin. Rozmin alikagua tovuti kwa muda, kisha akamgeukia. "Haikuvunjwa, dada. Kufuli lake zima. Mtu kaingia kwa ufunguo. Anatumia simu ileile ya kaka Mikdad, kaiwekea laini nyingine. Mazungumzo yote ya zamani yamo humo, anayasoma na kuiga."

Sabiha akautazama msumari mtupu ukutani. Akaita uani. "Wifi, kanzu ya Ijumaa iko wapi?"

"Si tulizitoa nguo zake sadaka, wifi? Walipita watu wengi siku ile. Wallahi sijui nani kachukua nini."

"Mlitazama mfukoni?"

Mwanajuma akajishika kichwa. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo zenyewe wamezigawa kwa mikono yao, wakitafuta thawabu.

Taa ilikuwa inawaka. Rozmin akamwonyesha mahali pa kubonyeza ili akaunti ifutwe. "Subiri," Sabiha akasema, akaandika: "Kanzu imekutosha?"

Neno "anaandika" likatokea, likapotea, likatokea tena.

"Mikono imenibana kidogo, bibie."

Rozmin akapiga ukelele. Mikdad alikuwa mtu mwembamba, na mikono ya kanzu ile aliipunguza Sabiha mwenyewe kwa sindano. Sasa ilivaliwa na mtu mnene, labda mbali, labda kwenye safu za msikiti wa hapo hapo Zinga. Mumewe alikuwa kaburini, na siku zote hizi hakuwa kwingine.

Akabonyeza. Tovuti ikamuuliza kama ana hakika. "Inna lillahi," akasema, akabonyeza tena. Taa ikazimika.

Kisha akawaandikia wateja wote. Mikdad amefariki. Aliyezungumza kwa jina lake tangu msiba ni mwizi. Badilisheni namba zenu za siri, na duka letu halitamuuliza mtu namba hiyo maisha. Hasara ya yule wa Ubena ni yangu.

Wa kwanza kujibu alikuwa Bi Ashatu. "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Mwanangu, sasa mimi nilikuwa nazungumza na nani?"

Sabiha akaandika: "Sijui, mama. Hata mimi nilikuwa nazungumza naye."