Nimeifufua timu, sasa naambiwa nikikanyaga uwanjani dhahabu itakimbia

Admin, jina langu libaki kwako tu, maana huku kwetu watu wanajuana hata kwa mwendo. Mimi ni mama wa miaka 43, nina mume na watoto watatu, naishi Shinyanga mjini. Kazi yangu ni ukocha wa mpira wa miguu. Timu ya wanaume, ndiyo, wanaume. Mnaotaka kucheka chekeni mmalize kabisa, maana leo kwa hasira niliyonayo sina nafasi ya utani.

Timu hii nilipewa ikiwa mkiani. Nilipewa kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka, sidanganyi. Viongozi walishaona inashuka daraja, wakasema bora ishukie mikononi mwa mwanamke, aibu iwe yangu. Nikajifunga kibwebwe. Wachezaji waliokuwa wanakuja mazoezini wananuka pombe niliwatoa wote. Nikazunguka vijijini mwenyewe kutafuta vijana. Beki wangu wa kushoto nilimkuta Samuye anachunga ng'ombe, anakimbia kutwa nzima wala hahemi. Nahodha, nimwite Masanja, alikuwa ameshaacha mpira, anapakia magunia kwenye malori pale Isaka. Nikamfuata hukohuko nikamrudisha. Nikawafundisha kukaba na kupanga mashambulizi, waache kubutua mpira juu kama watu wanaofukuza ndege kwenye mpunga. Wakaanza kuniita Mayu, yaani mama kwa Kisukuma. Msimu uliopita tukanusurika kushuka. Msimu huu tumefika mechi za mchujo, mbili tu, nyumbani na ugenini, tukishinda tunapanda Ligi Kuu.

Hapo ndipo mfadhili wetu alipozua jambo. Ni mzee mwenye maduara ya dhahabu upande wa Geita, duara ndilo shimo wanalochimbia. Sikatai, ametusaidia, hata basi la timu ni lake. Ila wachimbaji wengi wana mwiko wao, mwanamke hasogei kwenye duara mwamba unapokaribia kutoa, wanasema dhahabu itakimbia. Sasa mzee kautoa mwiko shimoni kauleta uwanjani kwangu! Wiki ya mechi ya kwanza aliniita mbele ya viongozi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba vizuri tu, kisha akasema, "Mwanangu, kazi umefanya, hilo nakupa. Lakini hapa tulipofika ndipo mwamba unapotoa. Siku ya mechi usionekane uwanjani."

Nikamuuliza, "Mzee, hawa vijana nimekaa nao mvua na jua, dhahabu haikukimbia. Leo ndiyo itakimbia?"

Akacheka. "Wakati ule tulikuwa bado tunatoa udongo."

Viongozi wote wanatazama viatu vyao. Wanaume wazima, jamani!

Nikakubali. Nilijiambia wiki ya mechi si wiki ya ugomvi, vijana wasichanganyikiwe. Tukasafiri wote, wao wakaingia uwanjani, mimi nikabaki kwenye basi nje ya ukuta pamoja na dereva. Mmewahi kusikia uwanja mzima unalipuka kwa kelele na hamjui nani kafunga? Mapumziko msaidizi wangu akaja mbio, tukaongea kupitia dirisha la basi kama mtu anayenunua mahindi ya kuchoma stendi. "Mayu, wametufunga moja, wanatupita sana upande wa kulia, tufanyeje?" Nikamwambia amtoe winga wa kulia, aingize kiungo mkabaji, halafu yule kijana wa Samuye apande bila kuogopa. Akarudi mbio. Tukashinda mbili kwa moja, na mabao yote mawili yalianzia kwenye miguu ya huyo kijana.

Nikashuka kwenye basi napiga vigelegele. Mzee akanipita akasema, "Umeona?" Eti nimeona! Na msaidizi wangu alipoulizwa redioni siri ya ushindi, akajibu, "Tulikaa tukabadilisha mbinu." Mlikaa na nani? Aliyekaa ni mimi, tena kwenye kiti cha basi.

Marudiano ni Jumamosi hii, hapa nyumbani. Nilishapanga kuingia, liwalo na liwe. Jana baada ya mazoezi Masanja akanifuata. Huyuhuyu niliyemtoa kwenye magunia, alikuwa hawezi hata kunitazama usoni.

"Mayu, wenzangu wamenituma. Wewe ni mama yetu, tunakuheshimu. Ila Jumamosi baki tu nyumbani. Ukiingia vijana watacheza na hofu."

"Na wewe Masanja unaamini hayo?"

"Mimi siamini. Lakini tukifungwa na wewe upo, watasema nini?"

Swali hilo ndilo linalonichoma. Mume wangu naye anasema, "Mama Neema, waache wapande kwanza, heshima yako itakuja." Itakuja na basi gani? Wakipanda bila mimi, itasemwa mwiko ndio umewapandisha, na benchi la Ligi Kuu nitaliona kwenye televisheni kama nyie. Nikiingia wakafungwa, hakuna timu huku itakayompa tena mwanamke kazi. Na Neema wangu, ambaye naye anacheza mpira shuleni, ataambiwa mama yako ndiye aliyefukuza dhahabu.

Leo asubuhi nilipiga magoti kuiombea timu kama ninavyofanya kila siku. Nikajisikia naomba wafungwe. Timu yangu mwenyewe! Wanangu wale niliowaokota mmoja mmoja! Niliposikia maneno yanayonitoka nikasimama, hata amina sikusema.

Ndugu zangu, Jumamosi nikakae kwenye benchi langu au nibaki nyumbani? Nimewaletea nyie, maana Mungu mwenyewe naona aibu kumrudia.