Fundi wa Vyoo Anayechuja Bahari Sebuleni

Saa nne asubuhi, Mercyline Nerima amelala kifudifudi kwenye zulia la watu, kichwa na mkono mmoja ndani ya kabati, miguu nje. Kutoka humo anapaza sauti: "Mzee, zima stima!"

Mzee Kiprugut, mwenye nyumba, anazima swichi kubwa. Pampu inanyamaza. Nyumba nzima inatega sikio.

Katika sebule hii ya mtaa wa Milimani, Nakuru, kuna tangi la kioo lenye lita elfu moja za maji ya chumvi na samaki sufuri. Samaki watatoka Pwani maji yakikomaa. Kazi ya Mercyline, mwenye umri wa miaka 41, ni chujio. Maji yanateremka hadi tangi dogo kabatini, yanapita kwenye sponji, mashine ya kutoa uchafu kwa povu na mawe yenye bakteria wanaokula uchafu, kisha pampu inayarudisha juu.

Leo ni mtihani. Wiki iliyopita stima ilipotea, maji ya juu yakajivuta kurudi kupitia bomba la pampu, tangi la chini likafurika, zulia likanywa likashiba.

"Kosa lilikuwa langu, sikatai," anasema. Ndipo alipotoboa tundu dogo kwenye bomba hilo la pampu, usawa wa maji, ili stima ikipotea livute hewa na maji yakome kurudi.

Mzee, aliyeendesha lori kati ya Mombasa na Nakuru kwa miaka 26 na kuwapenda samaki wa huko, alimpa onyo: zulia likilowa tena, ataita mafundi wa Nairobi.

"Hapa mjini wananijua kwa vyoo," anasema Mercyline. "Hii ndiyo kazi yangu ya kwanza ambayo mtu anaweza kuiangalia akinywa chai. Nikifukuzwa, nimerudi vyooni."

Baba yake, fundi wa mabomba katika nyumba za reli, alimfundisha kuziba. "Miaka kumi na tisa naziba matundu. Siku ya kutoboa moja kwa makusudi, wacha tu, nilipima mara saba."

Vituko vilianza mapema. Alipoagiza kilo 35 za chumvi maalumu, Mzee alimletea ya ng'ombe. "Nikamwambia, mzee, hawa hawakamuliwi."

Sasa maji yanashuka. Yanaendelea kushuka. Kabatini yanapanda, yanafika ukingoni na, ayayaya, yako zuliani!

"Fundi!" Mzee anafoka. "Tundu lako liko wapi?"

Mercyline anajitoa kabatini, nywele zimelowa, anapanda kiti na kupapasa bomba. Ukucha unarudi na kitu cha bluu. Anakinusa.

"Nani ametia sabuni hapa?"

Tangu asubuhi mashine ya povu ilikuwa ikitapika kupita kiasi, naye Mercyline akadhani ni upya wake. Bi. Jebet, mke wa Mzee, anamtazama mumewe. Mzee anatazama dirisha.

"Lilikuwa linavuja," anasema hatimaye. "Niliamka nikaona maji yanaruka, tss, tss, nikasema huyu mama nimsaidie. Fundi, sabuni ya kipande ilinitoa Mtito Andei hadi Gilgil na tangi la dizeli limetoboka!"

"Na hilo la dizeli lilikuwa na samaki?"

Bi. Jebet anacheka hadi anakaa chini, kwenye zulia lenyewe, bila kujali maji.

Hasara si ndogo. Sabuni imeshaingia majini: lita elfu zote zimwagwe, mawe yasuuzwe, bakteria waanze upya. Ni wiki sita nyingine kabla ya samaki.

Kabla hata hawajatafuta ndoo, simu ya Mzee inalia, na yeye huiweka kwa sauti kubwa. "Boss, tumefika Kikopey. Tunakula nyama kidogo, halafu tunakuja kuangalia hiyo tangi."

Kumbe mafundi wa Nairobi waliitwa jana, hata kabla ya mtihani. Mercyline anaanza kukusanya spana zake, na hapo hakuna anayecheka.

Mzee anakohoa. "Kuleni vizuri," anaiambia simu. "Mkishiba mgeuze gari. Fundi wangu yuko hapa."

Kisha anakunja suruali na kuchukua ndoo.

Mercyline ana mpango wa kuweka kibao kipya nje ya kibanda chake mtaani Kaptembwo: Mabomba, Vyoo na Bahari. Mchoraji amemshauri aondoe hiyo bahari, watu watacheka.

"Wacheke," anasema Mercyline, akikamua zulia. "Lakini hilo neno la mwisho aliandike kwa herufi kubwa."