Mke Kutoka Mwezini

Mwisho wa sinema ile tuliusikia, hatukuuona. Shuka iliyotundikwa ukutani ilikuwa nyeupe tupu, projekta imezimwa, na mfasiri wa kanisa bado anasimulia.

Ilikuwa Jumamosi mchana, Yamumbi, miaka ya chama kimoja. Mwalimu mmoja alikuwa ameazima sinema ya Kimarekani mjini Eldoret, chifu akatoa kibali cha watu kukusanyika, na madirisha ya ukumbi wa kanisa yakazibwa kwa magunia ya mahindi. Hadi leo harufu ya gunia kavu hunirudisha pale. Mfasiri alisimama kando ya shuka, kama alivyosimama kila Jumapili akigeuza mahubiri ya wageni sentensi kwa sentensi.

Hadithi ilikuwa ya mwanamke aliyeshuka kutoka mwezini akaolewa na mwokaji mikate. Kila jambo waliliimba. Wimbo ukirefuka, mfasiri alisema, "Anasema anampenda." Akangoja. "Bado anasema hivyo."

"Na mkate unaungua!" mama mmoja akapaza sauti. "Mwambie aache kuimba, Mzee!"

Ukumbi mzima ulicheka, isipokuwa Mama yangu. Baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na kesho yake mjomba, kaka mkubwa wa Mama, alikuwa anakuja kutuchukua pamoja na vitu vya duka letu, turudi kwao Murang'a. Mama alikuwa hajampa jibu. Kwa hivyo ndugu wa yule mwanamke waliposhuka kwa ngazi ya fedha, wakimwimbia arudi kwao, nilimwona Mama akiketi wima.

Hapo mkanda ukaisha. Mwalimu akapekua sanduku: mkanda wa mwisho haukuwemo. Watu walianza kunung'unika, lakini mfasiri hakuzoea kuketi kabla ya amina.

"Akawaambia ndugu zake," akaendelea, "nawapenda, lakini nyumba yangu ni hapa. Wakapanda ngazi bila yeye."

"Amina!" ukumbi ukajibu.

Nje, Mama alimfuata. "Mzee, hiyo umeiona wapi?"

"Sijaiona, Mama. Lakini ningewaachaje watu pale kwenye ngazi?"

"Basi pengine alirudi kwao."

"Pengine."

Jumapili mjomba alifika na pikapu ya kukodi. Mama akamwandalia chai, akamwacha amalize kikombe, ndipo akamwambia hatuendi.

"Utakaa kwa nani hapa?" mjomba akauliza.

"Kwangu."

Alikasirika, lakini alipoinuka kwenda alisema kipande cha shamba alichomtengea dada yake kule Murang'a kitamngoja.

Sasa mjomba hayupo, na Mama amezeeka. Kipande kile hakijalimwa hata msimu mmoja. Binamu zangu hawakigusi, na Mama hajawahi kusema kama anakitaka.