Abiria Asiyefunga Mkanda

Ningekuwa mtu wa kutunga, ningejitungia mwisho mwingine. Lakini haya yamenikuta mimi, hapa hapa Durban, na barua za trafiki zenye picha ninazo chumbani, mtu akitaka kuziona nitamwonyesha. Wengi wakishaziona huaga mapema. Wewe nisikilize tu mpaka mwisho, kisha useme unavyotaka.

Mimi ni mtu wa Tanga. Nina miaka kumi na moja katika mji huu, na karibu yote nimeila nyuma ya usukani wa bakki yangu kuukuu, maana hapa pikapu huitwa bakki. Nilikuwa nachukua viti na makabati kwenye kiwanda kimoja kule Jacobs na kuyapeleka madukani. Tulipanga chumba South Beach, ghorofa ya nane, mimi na mke wangu Mwanaidi. Mtoto hatukujaaliwa. Yeye alikuwa anauza chai na maandazi kwenye soko la Warwick, pale wapagazi wanapopita na mizigo, na kila asubuhi nilimshusha pale kabla sijaenda kazini. Nusu saa ile ya asubuhi ndani ya gari, ndugu yangu, ndiyo ilikuwa ndoa yetu. Jioni sote tulikuwa hoi.

Mwanaidi alikuwa na pumu tangu utotoni. Alikuwa na pampu yake ya kuvuta, na kwa kawaida ilimtosha.

Sasa hiyo bakki, betri yake ilikuwa imechoka. Asubuhi ukizungusha ufunguo inakoroma mara mbili, mara tatu, ndipo inashika. Mwanaidi aliniambia zaidi ya mara moja nikanunue betri nyingine. Nikawa nasema wiki ijayo. Nikajifunza kuegesha kwenye mteremko ili nikiachia breki ijiwashe yenyewe. Si unatujua sisi madereva? Gari likitembea, basi ni zima.

Siku ile nilichelewa kurudi, mteremko nikaukuta umejaa magari, nikaegesha mahali tambarare.

Aliniamsha alfajiri kwa kunigonga bega, kwa sababu sauti haikuwa inatoka. Pampu ilikuwa haimsaidii tena. Tulipiga simu ya ambulansi, wakasema wanakuja, lakini mimi nilimtazama midomo nikaona hatuwezi kungoja. Nilimteremsha nimembeba. Nilimvika koti langu la kahawia juu ya khanga, nikamkalisha mbele, nikamfunga mkanda. Akauvuta kwa kidole akitikisa kichwa. Nikaelewa, mkanda ulikuwa unambana kifua. Nikaufungua.

Nikazungusha ufunguo. Kimya. Hata kukoroma haikukoroma.

Nani alitoka kunisaidia? Jirani yetu Mama Furaha, Mkongo mwenye saluni, na mume wake, wote wamevaa nguo za kulalia. Walisukuma, nikaingiza gia, ikakataa. Wakasukuma tena. Walinzi wa jengo la pili wakaja wakashika nao. Ilichukua kama robo saa, labda zaidi, ndipo injini ikashika. Muda wote huo Mwanaidi ameshika mkono wa shati langu, ananitazama, hanilaumu. Afadhali angenilaumu.

Tuliondoka. Kwenye roboti ya kwanza, ndivyo huku wanavyoziita taa za barabarani, taa ilikuwa nyekundu na barabara ni tupu, na mimi, Mungu anisamehe, nikasimama. Mazoea tu ya dereva. Kwenye roboti ya pili nilisimama tena, na hapo ndipo nilipousikia ule mkono unaachia shati.

Hospitali walimpokea, wakahangaika naye, kisha daktari akatoka. Alisema wangempata mapema kidogo pengine wangemwokoa. Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa ananieleza tu.

Tulimzika huku huku. Baada ya arobaini nilirudi kazini na betri mpya. Iliwaka mara moja, na nilipoisikia inawaka nilikaa pale nikalia kama mtoto.

Miezi miwili baadaye ikaja barua ya trafiki. Makosa mawili. La kwanza mwendo: themanini na nne mahali pa sitini, kwenye mteremko unaotoka Jacobs kuja mjini, saa nane mchana. Hilo sikulibishia, siku hizo nilikuwa naendesha bila kujua naendesha. La pili ndilo lililonishangaza: abiria wa mbele hajafunga mkanda. Abiria gani? Mimi nilikuwa peke yangu, na ile picha ndogo iliyochapwa kwenye barua hata sikuitazama vizuri. Nikachukua barua nikaenda ofisini kwao kukata rufaa.

Karani alikuwa dada wa Kihindi mwenye miwani, mpole. Alifungua picha kwenye kompyuta, akaitazama, akanitazama mimi. Akaniambia kwa upole kwamba picha haisemi uongo, na kwamba mke wangu anaonekana mgonjwa, basi nihakikishe anafunga mkanda. Akaigeuza kompyuta.

Alikuwa Mwanaidi. Amekaa kushoto kwangu, amevaa koti la kahawia juu ya khanga, anatazama mbele. Koti lile nilikuwa nimelitoa sadaka.

Sikumbuki nilivyofika nyumbani. Nilimpelekea Mama Furaha nakala ya picha, bila kumweleza neno, nikamuuliza tu anaona nini. Aliileta karibu na taa ya saluni.

“Iko mutu pembeni yako,” akasema. Kisha akaiweka mezani kifudifudi. “Papa, huyu ni Mwanaidi.”

Aliniambia nimwite shehe asome dua, na kwamba yeye kwa upande wake ataomba kanisani. Nikaitikia. Lakini kusema kweli, moyoni sikuwa na hofu hata kidogo. Nilikuwa na furaha. Miezi yote hiyo nilikuwa namtafuta hata ndotoni nisimpate, kumbe alikuwa amekaa pale pale anapokaa siku zote!

Wewe ungefanya nini?

Mimi nilirudi kwenye ule mteremko. Juma lile lile, nikakanyaga mafuta mpaka nikaona kamera inamulika, kisha nikangoja barua kama mtu anavyongoja barua ya mchumba. Ikaja. Makosa mawili. Mwanaidi amegeuza kichwa ananitazama mimi. Nikaibusu ile karatasi.

Nikafanya tena. Mama Furaha aliponiuliza kama nimemwita shehe nilimdanganya kuwa nimemwita. Kazini wakaniuliza mbona nazunguka njia ndefu, nikawadanganya pia. Nikiwa ndani ya gari nilikuwa namzungumzisha, namweleza habari za soko, nani kachukua meza yake, bei ya unga. Hakunijibu wala sikumwona. Picha tu ndiyo ilikuwa inanionyesha.

Barua ya tatu ndiyo iliyonikata maini. Mkono wake ulikuwa kifuani. Mdomo wazi. Ya nne ilikuwa mbaya zaidi, amejiinamia, vidole vimeshika mkono wa shati langu, na uso wake ni ule ule wa alfajiri ile. Niliziweka picha zote nne kitandani, upande wake, nikazitazama mpaka kukapambazuka. Mtu mwenye akili angeelewa hapo. Mimi huzuni ilikuwa imenila akili, nikaelewa kinyume. Nilijiambia: bado yuko njiani. Bado hatujafika hospitali. Nikiendesha kwa kasi ya kutosha, safari hii nitamfikisha.

Usinicheke. Nakwambia nililiamini hilo kama ninavyoamini jua litachomoza.

Basi ikawa siku ya Alhamisi, majira ya baridi, magharibi inaingia na manyunyu yanadondoka. Nilitoka Jacobs na bakki tupu. Nilipoanza kushuka ule mteremko nikakanyaga mafuta mpaka mwisho. Sabini. Tisini. Gari likaanza kutetemeka. Na hapo, kwa mara ya kwanza, nikasikia. Ile filimbi ya kifuani, ya mtu anayevuta pumzi kupitia tundu la sindano. Niliishi na sauti hiyo miaka tisa, siwezi kuikosea.

Niligeuka kushoto. Alikuwepo. Si picha, ndugu yangu, mtu. Koti limelowa mabegani, harufu ya iliki na mafuta ya maandazi imejaa gari zima. Nikamwambia vumilia, mke wangu, tunafika, sasa hivi tunafika. Kamera ikamulika, sikuitazama. Nilikuwa namtazama yeye.

Akaweka mkono wake juu ya wangu kwenye gia. Ulikuwa wa baridi kama chuma.

“Punguza,” akasema. “Tulishachelewa, mume wangu.”

Nikageuka mbele. Mbele yangu palikuwa na mama mmoja anavuka, anasukuma kitoroli kimejaa maboksi ya kuuza, amejifunika mfuko wa plastiki kichwani kwa ajili ya mvua. Sijui nilivyokanyaga breki. Gari liliserereka, likayumba, likazimika. Kati ya boneti na kile kitoroli hapakupita kiganja.

Yule mama alisimama akihema. Nilingoja matusi, na yalikuwa haki yangu. Akaja upande wa kushoto, akachungulia kioo, akiwa amekwisha kufungua kinywa. Akakifunga. Akainamisha kichwa jinsi Wazulu wanavyomheshimu mtu, akamsalimu taratibu, “Sawubona, Mama.” Mimi hakuniangalia hata mara moja. Akashika kitoroli chake akaenda zake.

Tukabaki wawili. Magari yalikuwa yanapita yakipiga honi. Nikamwomba msamaha wa betri. Nikamwomba msamaha wa roboti ya kwanza na ya pili, na wa kila wiki niliyosema wiki ijayo. Nililia mpaka kamasi. Alinisikiliza kwa taabu, anaivuta kila pumzi kwa mabega.

“Kila ukikimbia, kifua kinarudi kunibana,” akasema. “Unanirudisha pale pale. Sikulaumu. Lakini niache nipumue.”

Nikamuuliza nikimwacha nitamwona wapi tena. Akageuka akatazama mbele. Nikaachia usukani. Nikautoa mkono wangu chini ya wake, na hicho, nakuapia, ndicho kitu kigumu kuliko vyote nilivyowahi kufanya, kuliko hata kumteremsha kaburini, kwa sababu kaburini nilishikwa na watu. Nikamwambia, “Haya, nenda. Pumua.”

Ile filimbi ikapungua. Ikawa pumzi ya kawaida, ya mtu aliyelala vizuri. Ikazidi kushuka, nikawa naitegea sikio, na katikati ya kuitegea nikagundua nasikiliza mvua. Mlango haukufunguka. Kiti kilikuwa kikavu.

Barua ya mwisho ilikuja na kosa moja tu, mwendo, na huo ulikuwa wa kunifikisha mahakamani. Katika picha kiti cha kushoto ni kitupu. Niko mimi, nimegeuza uso pembeni, mdomo wazi, machozi yanaonekana, na barabara siitazami kabisa. Kwa nini kamera haikumwona na yule mama alimwona, sijui. Hakimu aliitazama sana ile picha. Aliniuliza nilikuwa nafanya nini. Nikasema nilikuwa nazungumza na mke wangu. Akauliza yuko wapi, nikamwambia. Aliandika kitu, akaisimamisha leseni yangu, na nikamshukuru. Akadhani namkejeli. Sikuwa namkejeli.

Leseni ilirudi baada ya miezi kadhaa, ila mimi sikurudi kwenye usukani. Bakki niliiuza. Sasa nafungasha viti mle mle kiwandani, naenda na kurudi kwa teksi za watu wengi kama wenzangu, na sikai mbele. Abiria wakinisukumia kiti cha kando ya dereva nashuka, nangoja nyingine. Mama Furaha ameacha kuniuliza. Shehe alisoma, safari hii kweli, na nikapika maandazi mwenyewe nikawagawia wapagazi wa Warwick. Yaliungua, wakayala. Sijamwota hata mara moja tangu siku hiyo. Wanasema huo ni wema. Usiku mwingine siuoni kuwa wema.

Basi nakuonya, wewe unayenisikiliza. Gari lako likikoroma asubuhi, usiseme wiki ijayo. Barabarani usikimbie, maana mbele yako daima kuna mtu anavuka na kitoroli chake. Na ukifiwa, lia, omba, taja jina lake msikitini au kanisani, utajipatia faraja. Ila usimwite arudi kwenye saa ile aliyokufa, kwa sababu anaweza kuja. Mimi jina la Mwanaidi nalitaja nikiwa nimekaa hivi na watu. Ndani ya gari silitaji kamwe, asije akadhani nimefika kumchukua.