Nyota Tano za Dalali

Masunga wa Sapiwi hakupata kusoma. Shule yake ilikuwa zizini kwa baba yake, na cheti alichotoka nacho ni koo. Koo gani hilo! Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa dalali wa mnada wa ng'ombe Bariadi, na kipaza sauti alikiita kifaa cha wavivu. Akimnadi dume aliyekonda, mbavu zote nje, ungeapa ananenepa hapo hapo mbele ya macho yako. Watu walicheka wakanunua, na Masunga akala kwa sauti yake, akajenga kwa sauti yake, akamsomesha binti yake Lucy hadi chuo cha Mwanza.

Goita ilimwota shingoni taratibu. Ilianza kama limau, kisha kola ya shati ikakataa kufunga. Daktari wa serikali alimwambia haina haraka, asubiri rufaa ya Mwanza. Masunga aliogopa kitu kimoja tu. Alimwambia mkewe, Milembe, kwamba bora afe na goita yake kuliko kusimama mnadani bila sauti.

Lucy akaja likizo na simu yake. Mjini Bariadi palikuwa na hospitali moja ya binafsi na daktari wake wa upasuaji, na mtandaoni wagonjwa walikuwa wamempa nyota. Akamsomea baba: "Nzuri, nyota tano. Nzuri sana, nyota tano. Salama tu, nyota tano." Hakuna aliyelalamika, hata mmoja.

"Kizuri chajiuza," Milembe akasema huku akichambua pamba. "Huyu mbona anatembezwa?"

"Mama, hao si madalali. Ni wagonjwa wenyewe!"

Masunga akacheka, akakubali. Hapo ndipo panapouma: mtu aliyeishi kwa kusifia ng'ombe wa watu, siku moja naye akaamini sifa.

Alipasuliwa Jumanne. Alipozinduka, shingo ilikuwa nyembamba kama ya kijana, na alipotaka kumwita Milembe ukatoka upepo. Wakamwambia wiki mbili sauti itarudi. Siku ya kuruhusiwa, mlangoni alisimama binti mwenye tableti, mpole, na adabu zake zote.

"Mwadila, baba. Mhola?" akamwamkia Kisukuma. "Habari ya huduma yetu?"

Sasa mtu aliyelelewa akaleleka, akiulizwa habari hujibu nini? Hata kama nyumbani kuna maiti, ataanza na nzuri. Nzuri, ila mvua imegoma. Salama, ila mtoto tumemzika juzi. Habari yenyewe hukaa nyuma ya ila, na muulizaji anajua kuisubiri. Tableti haisubiri. Masunga alisukuma "nzuri" kwa pumzi, akavuta nyingine ya kusema "ila," na binti akawa ameshabonyeza nyota tano na kunakili jina kutoka kadi yake ya hospitali: Masunga, dalali wa mnada. Akamshukuru, akamgeukia aliyefuata. Waliomtangulia Masunga walipita mlango huo huo, na kila mmoja aliondoka na ila yake tumboni.

Wiki mbili zikawa miezi miwili. Mwanza walimchungulia kooni wakamwambia bila kumficha kwamba neva ya sauti imekatwa. Mnadani walimpa kipaza sauti kwa huruma. Kikakuza mkoromo, vijana wakacheka, nafasi ikachukuliwa na kijana mmoja, Marcelo. Masunga akarudi Sapiwi kuchunga ng'ombe ambao hata kuwaita hawezi.

Asubuhi moja akiwa malishoni, simu ikalia. Alikuwa Mayige wa Mwamapalala, mchuuzi wa ng'ombe, ambaye kwa ugonjwa wa mkewe alikuwa hajakanyaga mnadani siku nyingi na hakujua lolote.

"Kaka Masunga! Niko hospitali hapa Bariadi. Kabula anapasuliwa goita leo, wanamwandaa. Nilikuwa nasita, ila nimeona jina lako mtandaoni na nyota tano. Ni kweli, kaka? Daktari ni mzuri?"

Masunga akasema hapana. Akasema tena, kwa kifua chote, mpaka kovu likamuuma.

"Kaka? Nasikia upepo tu. Uko machungani nini? Basi usihangaike, nyota nimeziona. Asante sana."

Simu ikakatika. Masunga aliwaacha ng'ombe waingie kwenye mtama wa watu, akakimbia hadi shamba la pamba alikokuwa Milembe, akamtia simu mkononi, akajishika koo. Milembe akaipiga namba ile ile. Mayige alipokea kwa furaha.

"Shemeji! Kabula ameingia sasa hivi, kwa daktari yule yule wa kaka."

"Mtoe!" Milembe akapiga yowe. "Masunga hana sauti tena, huyo daktari alimkata! Mtoe mkeo!"

Kisha wakasikia viatu vikikimbia sakafuni, na Mayige akigonga mlango. Aligonga kwa kiganja, akagonga kwa ngumi, akimwita mkewe kwa jina. Hakuna aliyefungua.